Kumwona daktari wa akili na haki ya kununua bunduki Marekani

Mtu hapati usingizi kwa miezi, sonona imemkaba, lakini haendi hospitali. Anaogopa jina lake litafika FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, na hataruhusiwa tena kununua bunduki. Hofu hiyo inaniuma, kwa sababu inamnyima mtu tiba kwa jambo lisilo kweli.

Dhana: Ukitibiwa akili, huuziwi bunduki.

Sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 haiulizi unaumwa nini. Inamzuia aliyeamuliwa na mahakama au chombo cha kisheria kwamba, kutokana na hali ya akili yake, ni hatari au hajimudu, pamoja na aliyelazwa hospitali ya akili kwa amri. Aliyejipeleka mwenyewe, akalazwa wiki mbili akatoka, sheria hiyo haimgusi. Wala haimgusi anayemeza dawa za sonona. Majimbo hutofautiana, na hapo ni vyema mtu aulizie ya kwake: California humzuia kwa miaka 5 mtu aliyelazwa chini ya amri ya kumshikilia saa 72 kwa kuwa hatari kwake au kwa wengine.

Dhana: Mwenye duka anasoma faili lako.

Mnunuzi hujaza Fomu 4473, ya ununuzi wa bunduki, kisha duka huwasiliana na NICS, mfumo wa FBI wa kukagua wanunuzi ulioanza Novemba 1998. Jibu linalorudi ni auziwe, asubiri au asiuziwe. Ugonjwa hautajwi. Kanuni ya siri za wagonjwa, HIPAA, ililegezwa mwaka 2016 ili baadhi ya taasisi zinazohusika na maamuzi ya kumzuia mtu ziweze kupeleka NICS jina la mtu ambaye tayari amezuiwa. Maelezo ya ugonjwa na tiba hayapelekwi, na daktari anayekutibu tu hakupewa ruhusa hiyo.

Dhana: Wagonjwa wa akili ndio wauaji.

Wengi wao hawamdhuru mtu maishani. Zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki Marekani ni vya watu waliojiua.

Dhana: Kila aliyezuiwa yumo kwenye mfumo.

Laiti ingekuwa hivyo. Tarehe 16 Aprili 2007, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Virginia Tech aliua watu 32. Desemba 2005 ofisa wa mahakama alikuwa ameamua kwamba kijana huyo ni hatari kwa nafsi yake, akaamuru atibiwe bila kulazwa. Kwa sheria ya shirikisho hakupaswa kuuziwa. Lakini jimbo la Virginia lilikuwa likipeleka majina ya waliolazwa tu, hivyo akakaguliwa kwa kila moja ya bastola mbili alizonunua na kupita.

Januari 2008 ikasainiwa sheria ya kuyapa majimbo fedha yapeleke kumbukumbu hizo. Ilikuja na sharti ambalo wachache hulitaja: jimbo linalotaka fedha hizo liweke utaratibu wa kumsikiliza mtu aliyezuiwa, na likiridhika kwamba si hatari tena, limrudishie haki yake.