Gesi ya Narrabri: vyama vya wafanyakazi vilipogawanyika

Katika semina za viongozi wa matawi huwa natumia mfano wa Narrabri, mji wa wakulima katika jimbo la New South Wales, Australia. Washiriki hulalamika kwamba ni mbali mno. Nawaambia wavumilie, kwa sababu ni nadra kuona vyama vya wafanyakazi vikivutana hadharani juu ya mradi mmoja huku kila upande ukitetea mkate wa watu wake.

Kwanza gesi yenyewe. Ile ya Songo Songo imehifadhiwa kwenye vinyweleo vya mwamba wa mchanga, na ukichoronga inapanda kwa nguvu zake. Ya Narrabri imenata ndani ya tabaka la makaa ya mawe kama moshi unavyonata kwenye nguo za mama lishe. Kinachoizuia isibanduke ni mgandamizo wa maji yaliyojaa kwenye nyufa za makaa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kisima ni kuvuta maji, na pampu inaweza kuvuta kwa miezi kabla gesi haijatoka ya maana. Maji hayo yana chumvi. Ukiyasafisha, chumvi inabaki mikononi mwako, na lazima uitafutie pa kuiweka. Kisima kimoja nacho hakifiki mbali: kampuni ya Santos iliomba kuchoronga hadi visima 850 ndani na pembeni ya msitu wa Pilliga, katika nchi ambayo mkulima hunywesha ng'ombe wake kwa maji ya chini ya ardhi. Hapo utaelewa kwa nini wakulima, ambao kwa kawaida hawakai meza moja na wanaharakati wa mazingira, safari hii walikaa nao.

Chama cha AWU, yaani chama cha wafanyakazi wa Australia, kiliunga mkono mradi. Wanachama wake wamo kwenye viwanda vinavyotegemea gesi. Gesi ndiyo inayochoma matofali na kuyeyusha kioo, na kiwanda cha mbolea huitumia kama malighafi, si nishati tu. Zamani viwanda vya mashariki mwa Australia vilinunua gesi kwa dola 3 au 4 za huko kwa gigajuli, kipimo cha nishati. Kisha zikajengwa mitambo mitatu ya kusindika gesi kuwa kimiminika katika kisiwa cha Curtis, karibu na Gladstone, jimboni Queensland, ikilishwa na gesi hiihii ya tabaka la makaa. Tangu meli zianze kuisafirisha, mwishoni mwa 2014 na kuendelea, mwenye kiwanda wa Sydney akajikuta anashindana bei na wanunuzi wa Asia. Bei ikapanda zaidi ya mara mbili.

AWU kilikuwa kimeliona hilo mapema na kuendesha kampeni ya kutaka sehemu ya gesi ibaki nchini. Mfano ulikuwepo nyumbani kwao: Australia Magharibi imeweka sera ya kutenga asilimia 15 tangu 2006. Santos ilipoahidi kwamba gesi yote ya Narrabri itauzwa ndani, chama kikaona jibu. Binafsi siwezi kuwaita wasaliti. Kiongozi asiyejali tanuru la mwanachama wake lisizimike, sijui anakusanya ada ya nini.

Upande wa pili, wa kupinga, walisimama mabaharia na makuli wa bandarini wa chama cha MUA, walimu wa New South Wales, na wengine. Walijipanga nyuma ya Wagomeroi, wenyeji wa asili wa eneo la Narrabri, ambao Machi 2022 walipiga kura na karibu wote wakakataa mkataba na Santos. Ukiuliza mwalimu wa Sydney anahusikaje na kisima cha gesi, utajibiwa kwa historia. Mwaka 1971 akina mama wa Hunters Hill walikiomba chama cha vibarua wa ujenzi kiwasaidie kuokoa kichaka cha Kelly's Bush kisijengwe nyumba. Chama hicho, ambacho katibu wake alikuwa Jack Mundey, kikakataza wanachama wake kushika kazi pale. Marufuku za namna hiyo, zilizoitwa za kijani, zikapita 40 katika miaka michache. Angalia nani aliweka marufuku: watu ambao riziki yao ilikuwa kujenga hizohizo nyumba. Mwalimu anayepinga kisima hapotezi mshahara, na wa AWU hawakosi kumkumbusha.

Tukifika kwenye ajira, ndipo semina huchangamka. Santos ilitaja hadi nafasi 1,300 wakati wa ujenzi, na 200 hivi mradi ukishatulia. Naandika namba hizo mbili ubaoni na kunyamaza. Safari moja mchomeleaji aliyekaa nyuma, aliyewahi kufanya kazi kwenye ujenzi wa bomba la gesi, alicheka kabla sijasema kitu. "Mimi nimo kwenye ile elfu moja na mia tatu," akasema. "Kwenye mia mbili simo."

Mradi ulipata kibali cha tume ya mipango Septemba 2020, ukiwa na masharti 134. Machi 2024 mahakama ya shirikisho ikawapa Wagomeroi ushindi, kwa kuwa baraza la haki za ardhi za wenyeji, lililokuwa limeruhusu leseni bila ridhaa yao, halikupima suala la mabadiliko ya tabianchi. Baraza likasikiliza upya na mwaka 2025 likaruhusu tena leseni zitolewe.

Tawi likitakiwa kutoa msimamo juu ya mradi wa aina hii, liombe kwanza jedwali la ajira la mwaka kwa mwaka, likionyesha za mkataba wa muda na za kudumu, na ahadi ya kuuza ndani ikiwa imeandikwa pamoja na bei. Gesi inayobaki nchini kwa bei ya Asia haimsaidii mchoma matofali.