Robo nota si sekunde moja

Kaa na wanakwaya wanaojifunza nota za mistari mitano, jioni haitaisha kabla hujaambiwa kwamba robo nota ni sekunde moja. Nota haijui sekunde. Inachojua ni uwiano: nota nzima ni nusu mbili, au robo nne, au thumni nane, basi. Saa huletwa na mwendo, yaani kasi ya wimbo. Pakiandikwa robo 60 kwa dakika, kila robo ni sekunde. Pakiandikwa 120, robo hiyohiyo ni nusu sekunde.

Eti robo nota ni pigo moja daima? Kwenye 4/4, alama ya mwanzoni mwa wimbo inayosema kila kipimo (kipande kati ya mistari miwili ya wima) kina robo nne, ndiyo. Kwenye 2/2 pigo ni nusu nota. Na kwenye 6/8, wimbo usipokuwa wa polepole sana, mwongozaji hupiga mkono mara mbili tu, kila pigo likibeba thumni tatu.

Inayotutesa hasa ni nukta, kale kadoa kanakoandikwa kando ya nota. Wengi wameshika kwamba nukta huongeza pigo moja, na siwalaumu, maana mfano wa kwanza ubaoni huwa nusu nota yenye nukta kwenye 3/4: mbili na moja, tatu. Wakifika kwenye robo yenye nukta wanaivuta mapigo mawili, na thumni inayofuata inakosa pa kukaa. Ukweli ni kwamba nukta huongeza nusu ya nota yenyewe, kwa hiyo robo hiyo ni pigo moja na nusu. Hesabu kwa mdomo: "moja-na-mbili-na". Robo yenye nukta inashika "moja-na-mbili", thumni inaingia kwenye "na" ya mwisho. Mimi huwapigisha watenori meza kwa kidole kwanza, kuimba baadaye.

Kijiti cha nota kikitazama juu au chini, urefu haubadiliki. Sauti ya kwanza na ya pili zikiandikwa kwenye mistari ileile, moja hupewa vijiti vya juu na nyingine vya chini ili zisichanganyike.

Halafu kuna alama ya kimya ya nota nzima, kale kabamba keusi kanakoning'inia chini ya mstari wa nne, ukihesabu kutoka chini. Wengi huihesabia mapigo manne popote. Kwenye 3/4 hunyamazisha kipimo kizima, yaani matatu. Mpiga kinanda anayehesabu manne hapo ataingia wenzake wakiwa pigo moja mbele.