Calçot: usisubiri makaa

Calçot nyingi nzuri huharibikia motoni, na kosa karibu kila mara ni lilelile: mchomaji amesubiri moto ufe apate makaa. Kwa nyama, sawa. Kitunguu hiki cha Katalunya, Hispania, kinataka moto unaowaka kwa ndimi, tena mkali.

Tuanze shambani kidogo. Calçot haina kichwa kinene; kinacholiwa ni shina jeupe, na shina hilo hutoka kwenye kitunguu kilichopandwa mara mbili. Mara ya kwanza hupandwa kutoka kwenye mche, kikakomaa na kung'olewa wakati wa kiangazi. Kisha, Agosti au Septemba, kichwa hukatwa ncha ya juu na kurudishwa ardhini. Hapo huchipua mashina kadhaa, mara nyingi manne hadi kumi. Yanavyorefuka, mkulima huyapandishia udongo mara mbili au tatu ili sehemu ya chini isipate mwanga, ibaki nyeupe, laini na tamu. Akiharakisha kufukia, chipukizi huoza. Akichelewa, weupe unakuwa mfupi na shina gumu. Calçot ya Valls, mji wa mkoa wa Tarragona, inalindwa na nembo ya asili ya Umoja wa Ulaya: weupe uwe na urefu wa sentimita 15 hadi 25, na unene wa sentimita 1.7 hadi 2.5 ukipimwa sentimita 5 juu ya mizizi.

Msimu ni Novemba hadi Aprili. Watu wa Valls humtaja mkulima Xat de Benaiges, wa mwishoni mwa karne ya 19, kuwa ndiye wa kwanza kuzichoma hivi, na kila Jumapili ya mwisho ya Januari mji hufanya sikukuu yake. Mlo wenyewe huitwa calçotada. Haupikiwi watu wawili: kuni, moshi na uchafu wote ule vinataka kundi. Hesabu calçot 15 hadi 20 kwa kila mtu mzima.

Usizioshe. Kung'uta udongo, punguza mizizi na ncha za majani, basi. Ukizilowesha, joto la mwanzo linaishia kukausha maji. Zipange safu moja kwenye wavu, kubwa pamoja na ndogo pamoja, la sivyo nusu zitaungua na nusu zibaki mbichi. Washa matawi makavu yaliyopogolewa kwenye mizabibu. Hayo huwaka haraka na kwa ukali. Geuza mara moja tu, si zaidi. Ganda la nje liwe jeusi kabisa, na mwisho wa weupe uanze kutoa povu. Moto ukiwa hafifu, shina hukauka taratibu badala ya kuiva kwa majimaji yake.

Halafu zifunge kwenye magazeti, vifurushi vinene, uziache nusu saa. Hatua hii wengi huiruka kwa njaa, na mimi naihesabu kuwa nusu ya upishi: mvuke huivisha kiini na kuachanisha ganda. Zikiletwa mezani huwekwa juu ya kigae cha paa, kinachotunza joto.

Mchuzi wa Valls ni salvitxada. Kwa watu sita: choma nyanya sita na kichwa kimoja cha kitunguu saumu, loweka nyora tatu (pilipili nyekundu za duara zilizokaushwa, zisizo kali), ukwangue nyama yake, saga na gramu 100 za lozi na 50 za hazeli (kokwa ndogo za duara) zilizokaangwa. Ongeza chumvi na vijiko viwili vya siki, kisha mafuta ya zeituni, robo lita, kidogokidogo huku ukikoroga. Ukiyamwaga yote kwa pamoja, mchuzi unakatika. Lozi zikiungua, uchungu wake haufichiki kwa siki wala chumvi; anza upya.

Kula ni kwa mikono, umesimama, umevaa kitambaa kifuani. Shika majani ya ndani, bana chini ya weupe, vuta: ganda jeusi litoke lote. Chovya, inua kichwa, teremsha mdomoni. Majani ya kijani hutupwa.

Zikiisha hufuata mbavu za mwanakondoo na soseji za butifarra zilizochomwa kwenye makaa ya moto uleule (sasa ndiyo zamu yake), maharage meupe, kisha machungwa. Calçot zilizobaki zimenye siku hiyohiyo. Kesho yake zikate vipande, uzikaange na mayai.