Hoteli tulivu ya Dubai kabla na baada ya safari ya meli

Kazi yangu ni kuwapangia watu safari, na kila ifikapo Oktoba simu zinazohusu meli za kitalii za Ghuba huanza kuwa nyingi, kwa sababu msimu wake hasa ni kati ya Novemba na Aprili, joto la huko likiwa limepungua. Wateja wangu wengi hutoka Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam, na baadhi yao hukutana Dubai na jamaa zao wa Maskati au Uingereza ili wapande meli pamoja. Kuhusu meli huuliza kila kitu: chumba chenye roshani au kisicho na dirisha, chakula, bandari itakazotia nanga. Kuhusu hoteli ya usiku ule mmoja wa kabla ya meli huuliza bei tu, na mara nyingi hapo ndipo safari inapoharibikia. Mtu aliyeshinda safarini, kisha akakosa usingizi hadi alfajiri, hufika bandarini kesho yake akiwa hoi, akapanga foleni ya ukaguzi, akasimama kwenye zoezi la usalama, na siku ya kwanza ya meli, ambayo ameilipia sawasawa na nyingine zote, akaimalizia kitandani.

Kabla ya kutazama hoteli yoyote, itazame tiketi ya meli. Dubai ina vituo viwili vya meli za kitalii, na vimeachana kwa zaidi ya kilomita 20. Cha kwanza ni Mina Rashid, karibu na Bur Dubai, katika bandari iliyofunguliwa mwaka 1972 na ambayo shughuli zake za makontena zilihamia Jebel Ali. Cha pili ni Dubai Harbour, kilichofunguliwa mwaka 2021 upande wa Marina, kati ya kisiwa cha Bluewaters na Palm Jumeirah. Kampuni za meli zimewahi kuhama kutoka kituo kimoja kwenda kingine, kwa hiyo usitegemee alichokuambia aliyesafiri mwaka juzi. Hata hivyo, sishauri kung'ang'ania hoteli iliyo mlangoni mwa bandari. Abiria huanza kupokelewa kuelekea saa sita mchana, saa ambazo teksi hupatikana kwa urahisi, na mimi huona afadhali mtu apande teksi nusu saa akiwa amelala vizuri kuliko atembee dakika tano akiwa hakulala.

Sasa nije kwenye jambo linalowashangaza wengi, hasa waliozoea kupima utulivu wa hoteli kwa kuangalia mtaa uliopo. Dubai pombe huuzwa mahali penye leseni tu, na kwa muda mrefu leseni hizo zimekwenda zaidi kwa hoteli. Matokeo yake ni kwamba baa na disko nyingi za mji ule haziko mtaani, ziko ndani ya hoteli zenyewe. Unaweza kusimama nje saa tatu usiku, ukaona barabara safi, duka la dawa limefungwa, watu wanatoka msikitini, ukasema hapa pametulia. Kumbe ghorofa ya kwanza ina kumbi za muziki za jamii mbalimbali, kila moja na bendi yake na spika zake, na zitapiga hadi saa tisa usiku. Hali hii imeenea katika hoteli za nyota tatu na nne za Deira na Bur Dubai, na vilevile Barsha Heights, mtaa ambao wengi bado wanauita Tecom, na ambao wateja wangu huuchagua kwa kuwa uko karibu na Dubai Harbour na bei zake hazitishi.

Mteja wangu mmoja, bibi wa makamo kutoka Tanga, alinipigia simu kutoka chumbani kwake ghorofa ya tatu, katika hoteli aliyokuwa amechaguliwa na wanawe. Akaniambia, "Mwanangu, sauti ya mwimbaji siisikii hata kidogo, lakini glasi ya maji hapa mezani inacheza." Maelezo yake yalitosha kabisa. Sauti nyembamba huzuiwa na mlango, zulia na kioo cha dirisha. Besi haizuiwi na vitu hivyo. Huingia kwenye nguzo na sakafu za zege, ikapanda nazo, na ghorofa mbili au tatu za juu huipata kama mtetemo kuliko kama muziki. Ukiziba masikio kwa pamba haisaidii sana, kwa sababu mwili mzima unaipokea. Nilimshauri aombe chumba cha ghorofa za juu, mwisho kabisa wa ujia wa vyumba. Alipohamishwa alisema, "Sasa nasikia kiyoyozi tu, Alhamdulillahi."

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa hoteli yoyote ya Dubai ni kama ina kumbi za muziki, na kama zipo, ziko ghorofa ya ngapi. Sitaji neno "tulivu" hata kidogo, maana kila hoteli itakujibu kuwa ni tulivu. Wasiopenda kuuliza maswali mengi wana njia ya mkato: hoteli zisizouza pombe, ambazo ni nyingi kiasi katika mji ule, pamoja na hoteli za vyumba vyenye jiko, ambazo nyingi hazina baa. Nazipendekeza hata kwa wateja wasio Waislamu, bila sababu yoyote ya kidini. Palipokosekana leseni ya baa, disko huwa halipo.

Nyota za hoteli hazikuambii lolote kuhusu usingizi. Zinapima huduma, bwawa, ukubwa wa chumba, idadi ya migahawa, na ukifikiri vizuri utaona kwamba baadhi ya mambo yanayoongeza nyota ndiyo yanayoongeza kelele. Mimi hutumia kipimo kingine. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999 kuhusu kelele za mijini, lilipendekeza kwamba ndani ya chumba cha kulala sauti inayoendelea isizidi desibeli 30, na mshindo wa ghafla usizidi 45. Kwa makadirio ya kawaida, kila desibeli 10 zinapoongezeka sikio huona kama sauti imekuwa maradufu. Sibebi kipimo cha sauti kumkagua mwenye hoteli, lakini tofauti kati ya sauti inayoendelea na mshindo wa ghafla ni ya kuzingatia unapochagua. Mvumo wa kiyoyozi kisichobadilika utauzoea kwa robo saa. Mlango wa chuma wa ngazi za dharura unaojifunga kwa kishindo kila mhudumu anapopita hutauzoea hadi asubuhi.

Ndiyo maana natumia muda mwingi zaidi kuomba chumba kuliko kuchagua hoteli. Chumba kisiwe karibu na lifti, kisitazamane na stoo ya wafanya usafi, na kisiwe na mlango wa kuunganisha na chumba cha jirani. Mlango huo wa kuunganisha hausemwi sana, ingawa kwa maoni yangu ndio adui mkubwa wa usingizi katika hoteli zinazopokea familia, kwa kuwa hata ukuta wote uwe mnene kiasi gani, sauti itapita palipo pembamba. Mazungumzo ya simu ya jirani, televisheni yake, mtoto wake anayekataa kulala, vyote vitakufikia kama mko chumba kimoja.

Kuhusu barabara, watu hudhani ghorofa ya juu kabisa inamaliza tatizo. Kwa gari moja lililosimama linapiga honi, ni kweli umbali unasaidia haraka. Barabara ndefu yenye magari mfululizo kama Sheikh Zayed si hivyo. Umbali ukiongezeka maradufu, sauti hupungua takriban desibeli tatu tu, punguzo ambalo sikio halilioni sana. Kutoka ghorofa ya kumi hadi ya ishirini, ikiwa bado unaiona barabara, unanunua mandhari kuliko usingizi. Chumba cha ghorofa ya sita kilichoipa barabara mgongo kitakuwa na utulivu zaidi, kwa sababu jengo zima limekukinga. Barabara hiyo hiyo ina treni ya Metro inayopita juu ya nguzo, wakati katikati ya Deira na Bur Dubai hupita chini ya ardhi, na katika usiku wa kawaida husimama kuelekea saa sita, Ijumaa ikichelewa zaidi. Ila uliza pia upande wa nyuma unatazama nini, maana vyumba vinavyotazama uwazi wa ndani wa jengo mara nyingine hupakana na feni za jikoni na mashine za kupoza hewa.

Jambo moja linatusaidia: msimu wa meli ndio msimu wa baridi yao. Januari usiku joto hushuka hadi karibu nyuzi 15, na unaweza kukizima kiyoyozi kabisa. Ukifanya hivyo, hata hivyo, utazisikia sauti ambazo mvumo wake ulikuwa unazifunika, kwa hiyo kizime kwanza kwa dakika chache kabla hujafungua mizigo, usikilize, na kama chumba hakifai urudi mapokezi wakati vingine bado viko wazi.

Deira tunaijua sisi watu wa pwani na wafanyabiashara wa Kariakoo kuliko mtaa mwingine wowote wa Dubai. Naif na Sabkha utasikia Kiswahili madukani. Kwa kununua bidhaa na kufunga mizigo hapana mfano wake. Kwa kulala kabla ya meli nina shaka napo, kwani mikokoteni na malori ya mizigo huanza mapema, na upande wa mashariki wa Deira ndege hupita chini zikishuka au kupaa, kiwanja kikiwa ndani ya mji na kikifanya kazi saa 24. Garhoud na Mirdif nako ni hivyo hivyo. Anayepandia meli Mina Rashid nampeleka mara nyingi Oud Metha, au kandokando ya Khor, ule mkono wa bahari unaoingia mjini, upande wa Al Fahidi na Al Seef, ambako kelele kubwa ni injini za abra, yaani mashua za kuvusha watu, nazo usiku hupungua. Adhana ya alfajiri utaisikia karibu kila mahali. Mimi siihesabu miongoni mwa kelele, ila asiyeizoea namwambia mapema asipangiwe chumba kinachotazamana na mnara. Anayepandia meli Dubai Harbour nampeleka mitaa ya ofisi za Media City na Internet City, ambayo jioni hubaki mitupu, badala ya ufukwe wa JBR (Jumeirah Beach Residence) na Marina wenye magari ya kujionyesha na boti za karamu.

Angalia pia tarehe. Tangu Januari 2022 mapumziko ya wiki huko ni Jumamosi na Jumapili, na usiku mzito wa muziki ni Ijumaa na Jumamosi. Maoni ya wageni yaliyoandikwa kabla ya hapo yakilalamikia usiku wa Alhamisi, yahesabu kuwa yanazungumzia Ijumaa ya sasa. Katika Ramadhani, ambayo mwaka 2025 ilianza Machi 1 na hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka, mchana hupoa na usiku huchangamka hadi daku. Usiku wa mwaka mpya karibu na Burj Khalifa siupangii mtu anayetaka kulala.

Hoteli ya baada ya meli ni habari nyingine. Meli hufunga gati alfajiri, abiria huteremshwa asubuhi, na saa nne unaweza kuwa umesimama mapokezi na masanduku yako wakati chumba kinatolewa saa nane au tisa alasiri. Kama ndege yako ni ya usiku wa manane, unachonunua ni usingizi wa mchana, na kelele za mchana ni tofauti: ujenzi wa kiwanja cha jirani, mashine za kufyonza vumbi, milango ya vyumba vinavyosafishwa, na karibu na Dubai Harbour ndege ndogo za warukaji wa miavuli zinazopaa kutwa. Disko lisikutie hofu hapo, maana saa hizo limelala. Uliza badala yake kama kuna jengo linalojengwa upande wa chumba chako, lipia kuingia mapema na upate uthibitisho kwa maandishi, na omba ghorofa ambayo usafi wake umekwisha au utafanywa mwisho.

Swali langu la mwisho huwa siliulizi kwa barua pepe. Napiga simu mapokezi usiku wa Ijumaa, kuelekea saa sita kwa saa za Dubai, ambazo zinatangulia zetu kwa saa moja, nikijifanya nauliza bei, na ninamwacha mpokeaji azungumze huku nikisikiliza kilicho nyuma yake. Zile hoteli ambazo imebidi aniombe nirudie jina langu kwa sauti kubwa zaidi, sijampeleka mtu.