Je, wajua kwa nini mche wa mninga hukauka kila kiangazi, kisha ukachipua tena?

Anayepanda mninga Tabora kwa mara ya kwanza huvunjika moyo mapema. Mche uliostawi wakati wa masika, ukifika Julai umebaki kijiti kikavu. Wengi hung'oa wakidhani umekufa. Haujafa.

Tuanze na tunda lenyewe. Ni la duara, bapa, pembeni lina ubawa mwembamba wa kupeperushwa na upepo, na katikati limejaa manyoya magumu yanayochoma mkono. Ndani mna mbegu moja au mbili tu, pengine zaidi kidogo. Maganda ya mti uitwao mtundu hupasuka kwa kishindo yakarusha mbegu zake, lakini tunda la mninga halifunguki lenyewe. Linaanguka lilivyo, na maji hayaipati mbegu kirahisi. Moto mwepesi wa porini huunguza manyoya na kulegeza ganda. Ukiwa mkali, unaiua mbegu. Ndiyo maana matunda yanatapakaa chini ya mti na miche ni ya kuhesabu.

Mvua zikishika, mbegu iliyobahatika hunywa maji, ikavimba, na kitu cha kwanza kutoka ni mzizi. Majani hufuata, nayo kazi yake kubwa ni kutengeneza chakula cha kupelekwa chini. Misitu ya miombo, anakoota mninga, hukaa miezi mitano au sita bila mvua, na moto hupita humo karibu kila mwaka. Kijiti laini hakiwezi kuyashinda hayo mawili, basi mche hukiacha kikauke na akiba yote ibaki mzizini, ambako udongo unaukinga na moto.

Masika yakirudi, chipukizi jipya huchomoza kutoka hapo hapo. Kiangazi, linakauka tena. Mchezo huu huendelea kwa miaka, mara nyingi hata kumi, huku mzizi mkuu ukinenepa na kuzama. Kwangu hili ndilo la ajabu kuliko yote: mti una umri wa mtoto wa shule ya msingi, na bado juu ya ardhi haukufiki gotini.

Akiba ikitosha, hutoka chipukizi nene ambalo halikauki tena. Hilo hupanda kwa kasi hadi kilele chake kipite urefu wa miali ya moto, na ndilo linalokuja kuwa shina.

Kwa hiyo kwenye kitalu, kiriba (mfuko wa kuoteshea mche) kifupi ni adui wa mninga, maana mzizi hujikunja. Na shambani, kabla ya kung'oa kijiti kikavu, fukua kidogo pembeni yake: mzizi ukiwa mgumu na una unyevu, ufukie, usubiri Novemba.