Chotara si koo

"Dume langu ni chotara, kwa hiyo ndama wote watatoka chotara kama yeye." Kauli hii imezagaa minadani, Kongwa hadi Bahi, na inawapotezea wafugaji miaka ya kazi.

Chotara ni mnyama ambaye baba na mama wametoka koo mbili tofauti, yaani aina mbili za mifugo. Neno linataja namna alivyozaliwa tu. Halimaanishi "mkubwa" wala "wa kisasa".

Pandisha zebu, ng'ombe wetu wa nundu, kwa Friziani, ng'ombe wa maziwa wa Ulaya: ndama ni nusu kwa nusu. Huyo mpandishe tena kwa Friziani upate asilimia 75 ya Friziani, kwa zebu upate 25. Kasheshe ni pale nusu kwa nusu wanapopandana wenyewe. Kwenye kadi ya kumbukumbu ya ng'ombe, ndama bado ni 50, ila nguvu imepungua. Uzao wa kwanza, kila jozi ya vinasaba ina upande wa zebu na upande wa Friziani, na tofauti hiyo ndiyo inayomkuza haraka na kumpa ustahimilivu. Uzao wa pili, kwa wastani robo ya jozi zimekuwa zebu tupu na robo Friziani tupu. Nyongeza ile imebaki nusu. Tena ndama hawafanani: huyu kamfuata bibi, yule kamfuata babu. Hata hiyo 50 ni wastani. Ng'ombe mmoja mmoja anaweza kuzidi au kupungua, na kadi haiwezi kukuonyesha.

Sasa ng'ombe wa Mpwapwa. Asili yake ni zebu wetu waliochanganywa na koo za kigeni za Sindhi, Sahiwal na wengine, kisha wakapandishwa wao kwa wao na kuchujwa vizazi kwa vizazi hadi wakazaa wanaofanana nao. Hiyo ni koo. Msimwite chotara!

Alizeti ni vilevile. Mbegu ya alizeti iitwayo Rekodi si chotara, unaweza kutunza mbegu yake, mradi shamba liwe mbali na alizeti nyingine, maana nyuki hawana mpaka. Mbegu chotara ukivuna na kuipanda tena, vichwa vinatoka vya kila ukubwa na haviivi pamoja.

Je, asilimia ngapi za Friziani zinafaa Dodoma? Majedwali ya vitabuni yana uhakika kupita kiasi. Angalia kwanza maji na majani uliyonayo mwezi wa Oktoba. Ng'ombe wa asilimia 75 bila malisho atakonda kabla ya zebu.

Dume litoke koo safi, na liondoke zizini kabla binti zake hawajaanza kupata joto, yaani ndani ya miaka miwili hivi. Mtamba mdogo wa zebu usimpe Friziani, ndama anaweza kukwama wakati wa kuzaa. Mpe Jersey, koo ya maziwa yenye umbo dogo.