Je, wajua kwa nini mpira wa kupitishia hewa uliopasuka huifanya Subaru ya turbo itoe moshi mweusi?

Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally nchini Kenya akiendesha Subaru Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns akashinda tena kwa gari la ukoo huohuo. Impreza za turbo (kifaa kinachoshindilia hewa ndani ya injini) za miaka hiyo, zilizoingia Afrika Mashariki zikiwa tayari zimetumika Japani, bado zina wapenzi wengi, ila mipira, sensa na nyaya zake zimezeeka. Mojawapo ya magonjwa yake ya uzeeni ni kula petroli kupita kiasi: mdomo wa eksozi hujaa masizi makavu, harufu ya petroli husikika gari likiwa limesimama, na dereva akikanyaga mafuta ghafla injini inamisi (inakosa kuwaka sawasawa) huku moshi mweusi ukitoka nyuma. Wengi hukimbilia kubadilisha nozeli zinazonyunyizia petroli au pampu ya mafuta, kwa sababu mtu akisikia petroli imezidi huitafuta palipo na petroli. Katika gari la turbo, hata hivyo, mara nyingi inafaa kuanza na hewa.

Petroli huungua vizuri inapochanganyika na hewa kwa uwiano wa gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya petroli. Kompyuta ya Impreza haiwezi kuona kilichomo ndani ya silinda. Hutegemea sensa yenye waya wa moto iliyowekwa mara tu baada ya eya klina, ambayo hupima uzito wa hewa inayopita. (Ndiyo maana mwinuko wa Nairobi, ambao hulaumiwa sana, hauwezi kuwa kisingizio: kabureta hudanganywa na hewa nyepesi ya nyanda za juu, lakini sensa hii hupima uzito wenyewe.) Hewa ikishapimwa huingia kwenye turbo, ikashindiliwa, ikapozwa kwenye intakula, kisha ikapita kwenye throtoli (mlango unaofunguka dereva anapokanyaga mafuta) na kuingia kwenye injini. Tuseme sensa imehesabu gramu 147, nayo kompyuta ikaagiza gramu 10 za petroli. Ikiwa mpira wa intakula una ufa na gramu 20 zimetorokea hapo, zitakazofika ni gramu 127, lakini petroli itabaki ileile 10. Uwiano umeshuka hadi 12.7, yaani petroli imezidi, wala hakuna nozeli iliyokosea.

Katika gari lisilo na turbo, mpira uliopasuka baada ya throtoli hufanya kinyume chake, kwa kuwa injini huvuta kupitia ufa huo hewa ambayo haikupimwa, na petroli ikawa pungufu. Kwenye Impreza tundu moja la mahali hapo linaweza kuleta matatizo yote mawili: injini ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta) tundu huvuta hewa ya nje, na turbo ikianza kusukuma tundu lilelile huitoa. Fundi aliyezoea magari ya kawaida anaweza kupotezwa hapo kwa wiki nzima.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kuchunguza ni wakati gani moshi unatokea. Gari linapotembea polepole, sensa ya oksijeni iliyo kwenye eksozi huiarifu kompyuta kwamba petroli imezidi, nayo huipunguza. Dereva anapokanyaga sana, kompyuta huacha kuisikiliza sensa hiyo na kufuata hesabu yake. Gari lililo tulivu likiwa sailensa lakini linalotoa moshi mweusi na sauti ya upepo kila turbo inapoamka linaelekeza kidole kwenye mipira kati ya turbo na injini.

Kuthibitisha hakuhitaji mashine ya gharama. Injini ikiwa imezimwa, bomba la kuingizia hewa huachanishwa na sensa, mdomo wake ukazibwa kwa kifuniko kilichofungwa vali ya tairi, na hewa ya kompresa ikaingizwa taratibu bila kuzidi baa 1. Mipira midogo inayorudisha mvuke wa oili kwenye bomba hilo huzibwa kwanza, la sivyo presha itaingia chini ya injini na kusukuma sili. Kisha maji ya sabuni hunyunyizwa kwenye kila kiungo na kila klempu. Povu litakalochemka huonyesha ufa, na mara nyingi ufa huo uko upande wa chini wa mpira, ambako jicho halifiki na oili imelainisha raba kwa miaka.

Pamoja na ufa huo, iangaliwe vali inayoachia hewa dereva anapoondoa mguu. Ya kiwandani huirudisha hewa hiyo kwenye bomba la kabla ya turbo, kwa kuwa tayari imeshahesabiwa. Vijana wengi huitoa na kufunga ile inayopiga mluzi nje. Mluzi huo, kwa maoni yangu, ni hasara inayolipiwa: kila unaposikika, hewa iliyopimwa imemwagwa barabarani na petroli yake imebaki kwenye injini.

Kama mipira ni mizima, ndipo zamu ya mengine ifike. Sensa ya joto la maji ni ya bei ndogo na ina makosa makubwa: ikiharibika inaweza kuiambia kompyuta kwamba injini bado ni baridi, hivyo petroli ya kuwashia asubuhi ikaendelea kumiminwa mchana kutwa. Kwa mita ya kawaida, sensa nzima husoma karibu omu 2,500 kwenye nyuzi 20 na karibu omu 300 kwenye nyuzi 80. Themostati (vali inayodhibiti maji ya kupoza injini) iliyokwama wazi huleta dalili zinazofanana na hizo. Kidhibiti cha presha ya petroli kina mpira mwembamba wa vakyumu. Ukiuchomoa ukakuta petroli ndani, kiwambo chake kimetoboka. Nayo sensa ya oksijeni inaweza kusingiziwa, kwa sababu eksozi inayovuja mbele yake, au silinda inayomisi, huipitishia oksijeni ambayo haikuungua, ikaripoti upungufu wa petroli, na kompyuta ikaongeza.

Kuna jambo moja la kuogopa, nalo ni fundi anayependekeza petroli ipunguzwe kwa kompyuta kabla chanzo hakijajulikana. Turbo inaposukuma kwa nguvu, kiwanda chenyewe kimepanga petroli izidi, uwiano ukishuka hata karibu na 11, ili kupoza silinda na kuzuia injini isinoki (mchanganyiko usilipuke vibaya ndani ya silinda). Akiipunguza hapo, siku mpira utakapobadilishwa petroli itakuwa pungufu, na pistoni huyeyuka upesi kuliko plagi inavyoziba kwa masizi.

Hata ufa ukishapatikana, kazi haijaisha. Petroli iliyozidi huteremka kwenye kuta za silinda na kuchanganyika na oili. Chomoa kijiti cha kupimia oili na ukinuse: kikinuka petroli, mwaga oili yote na ubadilishe filta kabla ya kuiamsha turbo tena, kwa maana ekseli yake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikielea juu ya utando wa oili hiyo tu.